Barua ya wazi kwa wakuu wa taasisi za umma: tupeni njia ya kuhakiki taarifa zenu

Kwa Mawaziri, Makatibu Wakuu, Wakuu wa Taasisi za Umma na Maofisa wa Vitengo vya Mawasiliano Serikalini,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUWEZESHWA KUHAKIKI TAARIFA ZA SERIKALI ZINAZOSAMBAA KWENYE MITANDAO YA KIJAMII

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia masjala, nikipokea barua, kuzisajili, kuzifungulia majalada na kuzipeleka kwa wahusika. Sasa ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Morogoro, kazi isiyo na mshahara lakini yenye lawama zote za ofisi. Ninawaandikia kwa sababu kila mara tunapohimizwa kupuuza taarifa za uzushi hatuelezwi tutazitambuaje, na ninyi mnaotuhimiza ndio mnaozitoa taarifa za kweli katika umbo lile lile ambalo wazushi wamelizoea.

Umbo hilo kila mwenye simu janja analijua. Juu kuna ngao ya taifa na jina la wizara au taasisi, chini yake maneno TAARIFA KWA UMMA kwa herufi kubwa, kisha aya mbili tatu, halafu "Imetolewa na: Kitengo cha Mawasiliano Serikalini", tarehe, na pengine muhuri na sahihi. Karatasi hiyo hupigwa picha au kuskaniwa, picha ikawekwa Instagram au ikaingizwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kuanzia hapo inasafiri yenyewe. Kijana yeyote mwenye programu ya kuhariri picha anaweza kuichukua ile ya mwezi uliopita, akafuta aya ya kati, akaandika yake, akaacha ngao, muhuri na sahihi vilevile. Hahitaji hata kompyuta.

Niwape mfano wa karibu. Wiki moja tulipokea kwenye kundi letu karatasi mbili. Ya kwanza ilitangaza nafasi za kazi katika taasisi moja ya umma. Ilikuwa imechapwa vizuri, mistari imenyooka, ngao inang'aa, kumbukumbu namba ipo, na mwishoni kulikuwa na kiungo cha kujaza maombi. Ya pili ilitangaza kukatwa kwa maji kwa siku kadhaa. Ilikuwa imepigwa picha kwa upande juu ya meza, kona moja imefunikwa na kidole gumba cha mpiga picha, muhuri umefifia, na hapakuwa na namba ya simu ya kuulizia. Wanakundi waliamua, kwa hoja ambazo mimi mwenyewe niliziona zina mantiki, kwamba ya maji ni feki na ya ajira ni ya kweli. Maji yakakatika watu hawajajaza hata ndoo, na waliobonyeza kile kiungo wakadaiwa ada ya usaili kwa njia ya simu. Siitaji taasisi ile ya maji, kwa kuwa haikuwa na nia mbaya. Ilifanya kama zinavyofanya nyingi.

Ushauri ambao wananchi wamekuwa wakipewa kwa miaka mingi ni kuangalia makosa ya tahajia, lugha isiyo ya kiofisi, picha zisizo wazi na vichwa vya habari vya kutisha. Ushauri huo ulifaa zamani kidogo. Leo akili mnemba inaandika Kiswahili sanifu kuliko baadhi ya maofisa wetu (mniwie radhi, nimezisajili barua zenu kwa muda mrefu), inatengeneza sauti ya kiongozi akitamka ambacho hakukitamka, na inamweka mtu mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Mwonekano wa taarifa hautuambii tena jambo la maana kuhusu ukweli wake. Kinachobaki ni asili yake, yaani imetoka wapi, nani aliitoa, lini, na je, ninaweza kurudi kwenye chanzo nikaikuta hapo hapo? Swali hilo la mwisho mwananchi hawezi kulijibu kwa bidii yake peke yake, maana jibu liko mikononi mwenu.

Masjala tulikuwa na utaratibu ambao ulionekana wa kuchosha, lakini ulikuwa na maana. Barua iliyotoka ilikuwa na kumbukumbu namba, na nakala yake ilibaki kwenye jalada. Mtu akija na barua mkononi akidai imetoka kwetu, hatukuikagua ngao wala wino; tulifungua rejista, tukaitafuta namba, tukalinganisha tarehe na maudhui. Kama haipo kwenye rejista, haikutoka kwetu, hata kama muhuri ni wetu. Kumbukumbu namba bado zinaandikwa kwenye taarifa nyingi mnazozitoa leo, lakini rejista imefungiwa ndani, hivyo namba hiyo kwa mwananchi ni pambo tu kama lilivyo pambo kwa mwenye kughushi.

Kinachonisikitisha ni kwamba nchi hii tayari inajua kufanya jambo hili pale inapotaka. Ukinunua soda dukani na ukapewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato na kujua kama ni halali. Ukitaka kujua ni laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, unapiga *106# na kujibiwa hapo hapo. Ukipata ule ujumbe maarufu wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Risiti ya soda ina njia ya kuhakikiwa, lakini tangazo linalogusa shule zote za nchi, au linalohusu dawa, au linaloamuru watu wasitoke majumbani, halina.

Angalieni pia taasisi ambazo wazushi wanapata tabu nazo. Matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia, uvumi huwa mwingi, lakini hakuna mzazi anayelia au kushangilia kwa sababu ya picha ya WhatsApp. Atafungua tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA), ataitafuta shule, ataitafuta namba ya mtihani. Watu wamejenga mazoea hayo kwa kuwa matokeo yapo pale kila mwaka, kwa maandishi, na ya miaka iliyopita bado yapo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa sababu hiyo dereva wa bodaboda akitumiwa bei mpya katikati ya mwezi anashtuka kabla hajasoma hata tarakimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiisogelea pwani mwanzoni mwa Mei 2024, ilitoa taarifa moja baada ya nyingine, kiasi kwamba aliyetumiwa video ya mawimbi ya nchi nyingine alikuwa na kitu cha kuilinganisha nacho. Taasisi hizo tatu hazikuzizidi nyingine werevu wala kuwatisha wananchi. Zilijulikana tu zinapatikana wapi na zinasema lini.

Sasa niseme kuhusu namna mnavyokanusha. Utaratibu uliozoeleka ni kuichukua ile karatasi ya kughushi, kuigonga neno FEKI kwa rangi nyekundu kutoka kona hadi kona, na kuirudisha mitandaoni. Naelewa haraka iliyopo, lakini njia hii ina kasoro ambazo mtu wa masjala anaziona mara moja. Mhuri huo mwekundu ni wa kompyuta na hauna mwenyewe. Yule yule aliyeghushi tangazo anaweza kuugonga juu ya tangazo lenu la kweli, na amekwisha kuwanyang'anya wasomaji uhakika. Isitoshe, picha hiyo inaurudisha uongo machoni pa watu ambao pengine hawakuwa wameuona, na mara nyingi haisemi ukweli ni upi. Mkisema tangazo la kufunga shule ni la uongo, mzazi anataka kujua shule zinafungwa lini hasa. Kanusho lisilo na jibu linamwacha pale pale alipokuwa, isipokuwa sasa ana hofu zaidi.

Wengine mtasema kwamba wananchi wafuate akaunti rasmi zenye tiki. Tiki ya bluu imekuwa ikiuzwa kwa malipo ya kila mwezi, kwenye X tangu mwishoni mwa mwaka 2022 na kwenye mitandao ya kampuni ya Meta, kama Facebook na Instagram, tangu mwaka 2023, hivyo haimwambii mwananchi wa kawaida kile ilichokuwa ikimwambia zamani. Na hata akaunti iliyo rasmi kweli inaweza kuingiliwa. Mei 2025 wadukuzi waliiteka akaunti ya X ya Jeshi la Polisi na kuweka humo taarifa za uongo, na kwa muda ule mwananchi mtiifu aliyefuata ushauri wa kutazama chanzo rasmi ndiye aliyedanganywa wa kwanza. Hapo ndipo inapoonekana haja ya kuwa na sehemu mbili zisizotegemeana, ili mtu akiona jambo zito katika moja aweze kulitafuta katika nyingine kabla hajalipeleka kwa jamaa zake.

Mitandao yenyewe imejaribu kusaidia. WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliopita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Ninawafundisha wanakundi wetu kuitazama mishale hiyo. Lakini akitokea mtu akaihifadhi picha kwenye simu yake na kuituma upya, mishale inapotea na picha inaonekana imetoka kwake, tena kwa mtu tunayemheshimu, pengine shemeji au mzee wa kanisa. Ujumbe wa sauti ndio mgumu kupita yote: "Mimi ni daktari, siwezi kutaja jina langu, lakini sikilizeni…" Hauna karatasi ya kuikagua wala jina la kuulizia, na sauti ya mtu mwenye wasiwasi hushawishi kuliko maandishi.

Lipo jambo ambalo ni zito kulisema katika barua ya wazi, lakini bila hilo haya mengine yatakuwa ya juu juu. Uvumi hushamiri zaidi pale ofisi zinaponyamaza. Kuanzia Mei 2020 takwimu za ugonjwa wa korona zilikoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na katika kipindi hicho kila familia ilikuwa na takwimu zake. Mwaka 2021 Rais Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Maswali yalipozidi tuliambiwa yuko mzima na anachapa kazi, baadhi ya waliouliza na kudai vinginevyo mitandaoni wakakamatwa, na usiku wa tarehe 17 Machi tukatangaziwa msiba. Sisemi kwamba kila kilichovumishwa siku zile kilikuwa kweli. Nasema kwamba mambo yale yaliwafundisha wananchi wengi kuuamini uvumi kuliko tamko, na funzo la aina hiyo halifutiki kwa semina.

Oktoba 2025 tulipitia jambo jingine. Intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Uongo hauhitaji bando. Uliendelea kupita kwa simu za kawaida na kwa midomo, wakati njia za kuupima, yaani tovuti zenu, magazeti ya mtandaoni na wahakiki wa taarifa, zilikuwa zimezimwa pamoja na mitandao. Iliporejea, picha na video zilifika kwa wingi kwa wakati mmoja, na kwenye kundi letu sikuwa na njia ya kumwambia mtu hii ni ya hapa na ya juzi, ile si ya hapa. Niliona watu wakiukataa ukweli na wakiupokea uongo kwa uzito ule ule. Kama nia ya kuzima ilikuwa kuuzuia uongo, naomba nia hiyo ipimwe upya kwa matokeo.

Sheria tunayo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamtishia anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Simtetei mtu anayeghushi barua ya Serikali ili ajipatie fedha za watafuta kazi. Huyo ni tapeli na mahakama zipo. Lakini mama aliyepeleka tangazo kwenye kundi la wazazi kwa kuwa aliogopea mtoto wake anahitaji kwanza apewe njia ya kujua, ndipo aulizwe kwa nini hakujua. Upande wa pili tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kumjibu aliyeomba. Siku 30 zinatosha kwa mtafiti anayetafuta hati za miradi. Kwa tangazo lililoingia kwenye makundi saa mbili asubuhi, saa nne tayari limefika Kigoma na limerudi. Wahakiki tulionao, kama JamiiCheck, Nukta Fakti na PesaCheck, wanafanya kazi nzuri kwa Kiswahili, lakini nao mara nyingi mwisho wa kazi yao ni ofisa mmoja wa mawasiliano ambaye lazima apokee simu.

Ninachoomba, basi, si sheria mpya wala kamati. Naomba kila TAARIFA KWA UMMA, kabla haijawekwa Instagram, iwekwe kwenye tovuti ya taasisi yenye anwani ya go.tz, kwa maandishi yanayoweza kutafutwa na kunakiliwa, si kwa picha ya karatasi, ikiwa na kumbukumbu namba, tarehe kamili yenye mwaka, na saa. Mwaka usisahaulike, kwa kuwa mengi ya tunayoyaita uzushi ni matangazo ya kweli ya miaka iliyopita yaliyofufuliwa. Taarifa ikiwekwa isiondolewe. Ikibadilika, iandikwe kwamba imebadilishwa na ya awali iachwe isomeke. Hiyo ndiyo rejista, isipokuwa sasa mlango wake uko wazi.

Kwa wasio na simu janja, ambao ni wengi vijijini, njia ipo pia. Serikali inayo menyu ya *152*00#, inayofanya kazi kwenye simu ya kitochi. Iongezwe humo sehemu moja ambapo mtu ataingiza kumbukumbu namba aliyoiona kwenye tangazo, ajibiwe kwa mistari miwili: ipo au haipo, imetolewa na nani, tarehe gani, inahusu nini. Mistari hiyo miwili ingetosha kuliua tangazo la ajira nililolitaja. Nimesikia pendekezo la kutumia msimbo wa QR. Si baya, ila msimbo nao huchorwa na yeyote na kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kughushi, na jicho la binadamu haliwezi kuusoma. Namba anayoiandika mwenyewe, kwenye menyu aliyoizoea, ni salama zaidi.

Naomba pia muwape maofisa wa mawasiliano mamlaka ya kujibu haraka. Ninajua kutoka ndani jinsi dokezo linavyopanda kutoka meza hadi meza likisubiri "naafiki" ya mkubwa aliye safarini. Ofisa aruhusiwe, ndani ya saa moja, kusema tu kwamba taarifa imeonekana, haipo kwenye kumbukumbu zetu, tunafuatilia, na tutarudi kwenu saa kumi jioni. Na saa kumi jioni ikifika arudi kweli, hata kama hana jipya. Watu huvumilia kusubiri wakijua wanasubiri hadi lini.

Kwa Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania nina ombi dogo lisilohitaji somo jipya. Wanafunzi wetu hufundishwa uandishi wa barua rasmi katika Kiswahili: anwani mbili, tarehe, kumbukumbu namba, kichwa cha habari, kiini, hitimisho, sahihi na cheo. Wanazikariri sehemu hizo kwa ajili ya mtihani. Mtaala ulioboreshwa ambao ulianza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri wa kutenda. Basi mwalimu awape wanafunzi matangazo matatu, moja la kweli, moja la kughushi na moja la kweli lakini la miaka mitatu iliyopita, wayatafute kwenye chanzo na waeleze walifikaje kwenye jibu. Wakirudi nyumbani watakuwa walimu wa wazazi wao, na mimi nitapumzika kidogo kwenye kundi. Zoezi hilo, hata hivyo, litawezekana tu kama chanzo kipo na kinafunguka.

Nimalizie na jambo linaloweza kuanza Jumatatu bila bajeti. Chagueni taasisi moja katika kila wizara, iweke kwenye ukurasa mmoja orodha ya taarifa zote ilizozitoa mwaka huu, zikiwa na kumbukumbu namba na tarehe, za kweli peke yake. Kisha tupeni anwani ya ukurasa huo redioni, kwenye redio za jamii na kwenye mikutano ya mitaa, irudiwe mpaka tuichoke. Sisi wasimamizi wa makundi tutaibandika juu kabisa ya maelezo ya kundi, na tangazo lisilokuwamo tutalifuta.

Naomba kuwasilisha.

Mstaafu wa masjala,
Morogoro.